Meza Yako Imepanda Mlima

Fundi,

Meza yako ya sebuleni haipo tena nyumbani kwako Joubert Park. Usishtuke, haijaibiwa wala haijauzwa. Imefungwa kwenye gari lako jekundu, nati tano kila gurudumu, na mimi ndiye niliyeifunga. Ndiyo, mimi, yule uliyezoea kusema kwamba hawezi kufungua chupa ya soda bila kwanza kuitolea mhadhara.

Ninakuandikia kutoka milimani, nyumbani kwa binti yako Sifa. Nje theluji imelala juu ya paa la gari lako. Najua unangoja niseme jambo fulani. Nitalisema, lakini kwa mpangilio wangu. Hata marehemu hataniharakisha.

Nianze na meza. Watu wangapi walikunywa chai juu yake wasijue wameweka vikombe juu ya nini! Magurudumu manne, raba na rimu zake, yamepangwa moja juu ya jingine, yamefunikwa kitenge cha Mama Sifa, na kioo cha duara juu. Uliyanunua kwa mteja aliyekuwa akienda kuteleza kwenye theluji kila mwaka, wiki ileile Sifa alipoolewa huku na kupata kazi ya ualimu. Matairi ya baridi. Nilikuuliza, mtu wa Johannesburg, mjini ambako theluji ikianguka wazee kwa watoto wanatoka nje kuipiga picha, ana haja gani na matairi ya baridi? Ukanijibu kwa Kiswahili chako cha Bukavu: "Siku mtoto ataniita kule juu mu baridi, sitaki nimwambie raba imekataa."

Nilicheka. Nilikuambia wewe ni mfungwa wa matangazo ya biashara. Kwanza wamekuuzia gari la milango miwili lililokaa chini kama mjusi, kisha wamekuuzia viatu vyake vya joto, na sasa viatu vya baridi. Ukaona maneno hayatoshi. Ulikata vipande viwili vya raba kwenye matairi chakavu, kimoja cha tairi la joto na kingine cha tairi la baridi, ukavilaza kwenye friza ya Mama Sifa katikati ya samaki wake. Kesho yake mchana ukaniita, ukavipanga mbele yangu kama ushahidi mahakamani.

"Bonyeza, Mwalimu."

Nikabonyeza. Kile cha joto kilikuwa kigumu kama kisigino cha kiatu. Kile cha baridi kiliitikia kidole. Ukaniambia kwamba joto likishuka chini ya nyuzi saba, raba ya kwanza inasahau kazi yake ya kushika barabara. Kidole changu kilikubali, Fundi. Mdomo ndio uliokataa.

"Hii ni friza ya samaki," nikasema, "si barabara."

"Basi kichwa yako ndiyo iliingiaka mu friza!"

Mama Sifa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikwenda nyumbani nikaandika makala.

Niliipa jina "Biashara ya Hofu", nikaiweka kwenye ukurasa wetu wa wahamiaji. Nilisema kuna watu wanaoishi kwa kuwauzia maskini tiba ya ugonjwa usiokuwepo. Sikukutaja jina. Nilikuita "fundi mmoja wa Kensington", kana kwamba mtaa huo wa gereji yako una fundi mwingine anayepima upepo wa matairi huku akiimba nyimbo za kanisa kwa Kifaransa. Watu walinisifu. Nilifurahi. Makala ilikuwa na sentensi nzuri kuliko zote nilizoandika mwaka huu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli.

Na wiki hiyohiyo ulikuwa umenibadilishia tairi la gari langu bure. Uliniambia kile unachomwambia kila mteja: ukifika kilomita hamsini, rudi nikukazie nati, maana gurudumu likishafungwa upya linahitaji kukaa, na nati hulegea bila kumwambia mtu. Wateja wote walikuwa wakirudi. Mimi peke yangu katika miaka yote ya urafiki wetu sikuwahi kurudi hata mara moja. Niliona ni ushirikina wa mafundi.

Ukaisoma makala. Ukanitumia ujumbe wa sauti, ambao bado ninao: "Mwalimu, nimesoma. Umeandika muzuri. Umekosea muzuri vilevile. Rudi nikukazie nati, halafu tupigane."

Sikurudi. Nilikuwa nanoa majibu. Nilitaka nije nikiwa na hoja tatu ambazo zingekunyamazisha. Siku ya nne akanipigia Ma Nomsa, mshirika wako wa kazi, akasema umeanguka gereji ukiwa na spana mkononi, kwamba ni presha, na kwamba nisikimbie kwa sababu hakuna tena cha kukimbilia.

Msibani watu walisema kazi ya Mungu haina makosa. Nilifungua kinywa, Mama Sifa akanishika mkono, nikakifunga. Lakini kwako sina haja ya adabu hiyo. Makosa yalikuwepo, na yalikuwa yangu. Uliniita kwa jambo la dakika tano nami nikakaa nyumbani napamba maneno. Gari langu nililiegesha siku ya mazishi. Sikuliendesha tena, na sikumruhusu mtu azikaze nati zile. Majirani wanadhani limeharibika.

Miezi mitatu imepita hivyo. Sasa nikupe habari.

Ma Nomsa anaendesha gereji peke yake. Roboti, ile taa ya barabarani pale kwenye kona, bado haiwaki, na madereva bado wanasimama mlangoni kwako kulalamika kana kwamba wewe ndiye meya. Mama Sifa bado amevaa nyeusi. Na Sifa, mtoto wako aliyeelewa kila neno la Kiswahili akakujibu kwa Kiingereza maisha yake yote, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Daktari alimkataza safari yoyote. Wiki iliyopita akampigia mama yake, akalia. Baba alikuwa ameahidi kumleta Mama. Nani atamleta sasa?

Nilikuwepo sebuleni kwenu, viwiko juu ya kioo. Nikasema ni mimi.

Redio ilikuwa ikitangaza theluji milimani kwa Jumapili. Basi huishia mji wa chini, na kutoka pale ni mwinuko mpaka kwa Sifa. Gari lilikuwepo moja tu la kutegemewa, lile jekundu, likiwa na yale matairi yake mapana ya joto na ile tabia yake ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Nikaanza kumweleza Mama Sifa kwamba tukiondoka Jumamosi asubuhi tutafika kabla ya theluji, kwamba utabiri wa hali ya hewa nao una maslahi yake, kwamba kubadilisha matairi ni kupoteza muda...

Akaanza kuondoa vikombe.

"Shemeji, nisikilize," nikamwambia.

"Weye ongea, Mwalimu. Miye ninatoa vikombe."

Akaondoa kioo, akakiegemeza ukutani. Akakunja kitenge taratibu, kona kwa kona. Matairi yako yakabaki wazi katikati ya sebule, meusi, na ile michirizi yao mirefu kama vidole.

"Baba Sifa aliziweka hapa ili asizisahau," akasema. "Weye umezilalia viwiko miaka mbili, unamwambia hazina kazi. Mtoto wangu anazaa. Miye sipandi mlima juu ya makala yako."

Fundi, nimebishana na maprofesa. Nimebishana na wachungaji na wabunge wa nchi tatu. Sijawahi kushindwa kwa kifupi vile.

Lifti ya jengo lenu unaijua. Niliyashusha moja moja, ghorofa sita, safari nne. Yule mama wa Bujumbura anayeuza nyanya mlangoni alinihesabia kila safari: "Mwalimu, leo umepata kazi ya kweli! Endelea, endelea, elimu haina mwisho!"

Kensington, Ma Nomsa alinitazama nikiingia na gari lako lililojaa magurudumu mpaka vitini, akanikabidhi jeki na spana, akavuta kiti. Kiswahili alichokipata kwako anakizungumza kwa ukali wako uleule.

"Wewe," akasema. "Mimi nakaa."

"Ma, mimi sijui."

"Uliandika makala. Unajua."

Nikainua gari kwanza, kisha nikajaribu kulegeza nati, gurudumu likawa linazunguka hewani pamoja na spana na mimi. "Eish, Mwalimu! Legeza likiwa chini, halafu inua!" Nikaanza upya. Nilitumia asubuhi nzima. Nilipomaliza la nne nilisimama, mgongo ukilia, nikajiona nimekuwa mtu. Ma Nomsa akalizunguka gari na kikombe chake cha chai, akainama, akainuka.

"Iko sharp kabisa," akasema. "Kama unakwenda mlimani kinyumenyume."

Mshale, Fundi. Ule mshale uliochongwa ubavuni mwa tairi kuonyesha upande wa kuzungukia. Niliyafunga yote manne mishale ikielekea nyuma. Mimi niliyebishana juu ya kushoto na kulia tangu shule, nimechanganya kushoto na kulia. Ile michirizi iliyotengenezwa kusukuma maji na theluji pembeni ingekuwa inavikusanya katikati. Na hakuna aliyeweza kunifariji kwamba ni kosa dogo. Nilivua yote manne. Nikafunga tena. Kisha Ma Nomsa akanipa ile spana yako ndefu, ile inayolia "tak" nati ikikazika vya kutosha, akanionyesha kukaza kwa kuvukana, nati hii kisha ile ya ng'ambo yake. Tak. Tak. Mara ishirini. Nilipotaka kuirudisha, akanisukumia kifuani.

"Nenda nayo. Unajua ya nini."

Nilijua.

Jumamosi tuliondoka Mama Sifa akiwa amebana mfuko wa nepi na unga wa uji miguuni, maana gari lako halina pa kuweka kitu. Karibu na Heidelberg nilitazama kipimo cha umbali. Kilomita hamsini. Nyasi za kando ya barabara zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Nikaegesha. Mama Sifa akaichomoa spana chini ya mfuko wa nepi, akanikabidhi.

Mbele kulia, zote tak. Mbele kushoto, zote tak. Nyuma kulia, tak. Nikaanza kutabasamu, nikaanza hata kutunga sentensi, unanijua. Nyuma kushoto, nati ya tatu, spana ilizunguka. Haikulia. Ilizunguka robo nzima ndipo ikalia.

Nilibaki nimepiga magoti pale kwenye changarawe. Malori yanapita, gari linatikisika. Robo ya mzunguko, Fundi. Ndicho ulichokuwa ukiniitia miaka yote. Hukuniita unishinde. Ulitaka kupima kilicholegea tu, ukikaze, uniache niende zangu.

Nilipoingia ndani, Mama Sifa alikuwa akitazama mbele.

"Ilikuwa imelegea?"

"Moja."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Baba Sifa alisemaka kila mara ni moja."

Theluji haikungoja Jumapili. Ilitukuta Jumamosi ileile mchana, kwenye mwinuko wa mwisho, nzito, ya kushuka kimya. Mbele yetu palikuwa na gari kubwa la mizigo ya shamba, lile la magurudumu marefu ambalo wenyewe hujigamba kwamba linapita popote. Lilikuwa limekaa upande upande, matairi yake yanazunguka palepale. Dereva wake alisimama nje amejishika kiuno. Nikashusha gia, nikafuata ulichokuwa ukisema, usimtishe raba, mwombe. Tukapita pembeni yake polepole, mjusi mwekundu na mjane mwenye nguo nyeusi na mfuko wa nepi. Yule bwana alivua kofia. Nilihisi tairi likiitikia chini yangu, laini, kama kile kipande kilivyoitikia kidole changu siku ile.

Sifa alikuwa mlangoni na tumbo lake. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Kisha akalitazama gari, akauliza kwa Kiingereza chake nani amefunga magurudumu. Nikasema ni mimi. Hakuamini hata kidogo. Hakuweza kuinama, akamgeukia mumewe, akamwambia kwa Kiswahili ambacho yule maskini haelewi, kwa sauti yako: "Angalia mshale."

Mshale ulikuwa sawa.

Mtoto alizaliwa Jumatatu mchana. Wa kike. Mama Sifa ndiye aliyempokea baada ya mkunga. Ana kidole gumba kikubwa kisicho na sababu, na anabonyeza kila kinachomkaribia. Sisemi amekitoa kwa nani.

Sasa lile unalolingoja. Nilikosea. Nimekwisha kuliandika kwa ajili ya ukurasa wetu, kwa jina lako kamili safari hii, na kwa jina langu. Wako watakaosema nimezeeka. Waje, nina nguvu za kutosha. Lakini kuhusu raba na baridi sitabishana tena na mtu ambaye hajaweka kidole kwenye friza.

Septemba, joto likirudi, nitayafungua haya kwa mikono yangu na kurudisha ya joto, mishale mbele. Nitayapandisha haya ya baridi ghorofa sita, mama wa nyanya ahesabu tena. Nitayapanga, nitaweka kitenge na kioo, na kila baridi ikija nitaiondoa meza hiyo bila kuambiwa, maadamu kuna mtoto wako mlimani. Na nikifika Johannesburg, kabla sijaenda nyumbani kuoga, nitalivuta lile gari langu mpaka Kensington. Ma Nomsa atakaa kwenye kiti chake, nami nitazikaza zile nati.

Lala salama, ndugu yangu. Ulisema nirudi unikazie nati, halafu tupigane. Nati nitakaza mwenyewe. Kule kupigana, niwekee.

Mwalimu