Tulizima Taa Tukapiga Magoti

Irving, 2 Novemba 2024

Kwako Mama,

Ulinifundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza afya, kwa hivyo nauliza: presha yako iko vipi? Yangu imepanda tangu Alhamisi, na aliyeipandisha ni wewe. Namba yako nimeiblock. Kwenye simu unajua kulia mpaka mimi ndiye niishie kuomba msamaha.

Nilikuomba kitu kimoja tu. Alhamisi jioni, watoto wa huku wanapovaa mavazi ya kuigiza wakaombe peremende, mimi nikiwa kazini, umvalishe mwanangu Kethia nguo yake ya nyuki, ufuatane naye na watoto wenzake wa hapa kwetu, wagonge milango kumi hivi ya majirani, mrudi. Ukasema sawa. Nimetoka hospitali nakuta nyumba giza, mlango umefungwa kwa ufunguo, wewe na mwanangu mmepiga magoti bafuni. Alikuwa amejikojolea. Ana miaka sita! Unajua aliniambia nini? "Mommy, Nyanya said don't breathe loud." Eti asipumue kwa sauti!

Unafikiri nimesahau kule kwako Alief, jioni kama hiyo? Nilikuwa na miaka kumi. Maribel wa chumba cha juu alikuja kunichukua, nimejifunga shuka, nimevaa taji la karatasi. Ukanivuta ndani kwa mkono mbele yake, ukazima taa, ukanipigisha magoti kwenye korido. Watoto wakagonga, wakangoja, wakacheka, wakaenda. Kesho yake darasani wanabadilishana peremende, mimi nasingizia nilikuwa mgonjwa. Mwaka uliofuata hivyo hivyo, na mwingine, mpaka nikahama kwako. Ile nguo ya nyuki niliishona wikendi tatu nikijiambia mwanangu hatapitia hayo. Nawe ukayaleta mpaka kwangu.

Nimekasirika, Mama.

Mwanao,
Kanana


Alief, 11 Novemba 2024

Kwa binti yangu,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananisumbua. Natumaini mjukuu wangu hajambo.

Nimeisoma barua yako ya matusi mara mbili ili nihakikishe ni mtoto wangu ameandika. Miaka ishirini nimegeuza wazee wa watu vitandani hapa Houston, shifti mbili mbili, ili usome uwe nesi. Leo wewe ndiye wa kunifundisha kulea?

Pasta Mwenda ametuambia kila Oktoba kwamba hiyo ni sikukuu ya mapepo. Tunazima taa, tunaomba, inapita. Na hata tukiyaweka mapepo kando, tangu lini mtoto wetu akazungushwa milangoni na mfuko akiomba? Kwako mmekosa nini? Kama ni peremende, si ungeniambia nilete gunia zima?

Nguo yenyewe ilikuwa imeshonwa vizuri. Hilo nakubali.

Ukiomba msamaha nitakusamehe.

Mama yako


Irving, 14 Novemba 2024

Mama,

Leo siulizi hali.

Kethia haendi chooni peke yake. Kengele ya mlango ikilia anakimbilia chini ya meza. Mwambie Pasta Mwenda aje aoshe mashuka yangu kila asubuhi.

Usije Irving. Thanksgiving usije, Krismasi usije. Ukija, sifungui.

Kanana


Alief, 3 Februari 2025

Kanana,

Hujambo? Mtoto je? Mimi si mzima, na si presha.

Nilikuja. Unajua nilikuja. Siku ya Krismasi nili-drive mwendo wa saa nne na sufuria ya mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa unavyopenda, nimeifunga kwa mkanda kwenye kiti cha mbele. Dirishani kulikuwa na taa, na nilimsikia Kethia akicheka. Nikagonga. Kicheko kikakatika. Kisha taa ikazimwa. Nikasimama hapo na sufuria yangu, nikagonga tena, nikangoja. Jirani yako akapita akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

Nimekuchukia mwezi mzima. Sasa nitakwambia jambo ambalo hata marehemu baba yako hakulijua, na nakwambia kwa hasira, usidhani nakubembeleza.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa kabisa kule kwetu Tharaka. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama alinipa mfuko wa nguo akaniambia nenda kwa mwalimu, wao wana mahindi. Wakubwa hawakuweza kwenda wenyewe, waliona haya, basi walitutuma sisi watoto. Nikagonga. Mke wa mwalimu akafungua, akaniambia ningoje. Akaita watoto wake, ambao nilisoma nao darasa moja, waje waone mtoto wa nani amekuja kuomba. Akaniambia nifungue mfuko, nisalimie vizuri, nirudie, sauti haisikiki. Nikarudia. Walicheka. Akanipa bakuli moja.

Nilienda mara nane, Kanana. Nyumba ile ile.

Ile jioni Kethia alikuwa mbele ya kioo anajizoeza. Anafungua mfuko, anainua uso, anasema yale maneno yenu ya kuomba peremende, anatabasamu ili apewe. Sikuona nyuki. Nikafunga mlango kabla sijajua ninachofanya. Hata wewe, ukiwa na taji lako, ni hivyo hivyo. Mapepo ya Pasta Mwenda yalinifaa tu, nilipata la kusema.

Sasa na wewe umenisimamisha mlangoni. Hongera.

Mama yako


Irving, 9 Machi 2025

Mama,

Natumaini umepata nafuu. Mimi sijalala vizuri tangu barua yako ije.

Ndiyo, tulikuwa ndani. Mimi ndiye nilizima taa. Nikamwambia Kethia anyamaze. Nilipomwona anabana pumzi nilijua nimefanya nini, na bado sikufungua. Hilo ni langu, nisamehe.

Lakini nina hasira nawe, tena kubwa kuliko ile ya mwanzo. Miaka ishirini na miwili! Ungeniambia nikiwa na miaka kumi, ningevua lile taji mwenyewe nikakaa nawe. Ulinifanya niamini nimezaliwa na mama anayependa kuharibu raha za watu. Sasa nikitaka kukukasirikia naona mtoto wa miaka kumi na moja mwenye mfuko, nashindwa, halafu nakasirika zaidi.

Mimi sitamweleza Kethia kwa niaba yako. Siku utakayokuwa tayari kumwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa nini ulimfungia, njoo. Kabla ya hapo usije.

Mwanao,
Kanana


Alief, 1 Novemba 2025

Mwanangu Kanana,

Hamjambo huko? Mimi nipo, nimechoka kwa kuinuka na kuketi.

Miezi minane nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa bado nimekasirika. Nani anamwekea mamake masharti? Lakini jana, siku yenyewe ya peremende, sikuenda kanisani kwenye maombi. Niliwasha taa ya nje, nikaketi kando ya mlango na sinia la peremende na njugu. Wa kwanza alipogonga, nilishika kitasa, nikakiachia, nikakishika tena. Nikafungua. Nikampa. Akasema asante akaondoka mbio.

Kanana, ni jambo la sekunde mbili! Walikuja wengi, sikuwahesabu. Kuna msichana alikuja peke yake na nguo zake za kila siku, ana mfuko wa duka. Hakusema lolote, na mimi sikumwambia aseme. Nilimjazia.

Nikafunga mlango nikalia kwa hasira, si kwako. Miaka arobaini na moja nimekuwa nikiona haya mimi. Yule mke wa mwalimu alikuwa na gunia la mahindi wazi nyuma yake, nililiona. Angeweza kunipa tu nikaenda nyumbani. Kumbe ni rahisi hivyo, na alikataa, mara nane.

Jumamosi ijayo nakuja. Nitamwambia Kethia mwenyewe. Nikikwama katikati, usinisaidie kusema.

Nitagonga mara moja tu.

Mama yako