Gari la Umoja Linachemsha

Jumatatu, 3 Machi

Makomredi — naanza hivi hata ninapojiandikia peke yangu, ulimi umeshazoea jukwaa. Gari la umoja wa wanafunzi limechemsha tena. Mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Kilomita kumi tu kutoka bwenini mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu, mvuke ukafuka chini ya boneti, na msafara wetu mtukufu ukaishia kando ya barabara, tukijipepea kwa vipeperushi.

Na Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Saa nne kamili asubuhi Baraza la Chuo litaamua kama zahanati ya wanafunzi ifungwe. Sahihi zetu elfu mbili na mia nne za kupinga lazima zifikishwe kwa mkono makao makuu kabla ya kikao: kilomita sitini, nusu yake mlima. Zahanati hiyo ndiyo iliyomrudishia pumzi Filimbi, mwenzangu wa chumbani na dereva wetu, pumu ilipombana muhula uliopita. Jina la utani amelipata kwa kifua chake. Yeye hulicheka. Mimi nilikuwapo usiku ule, silicheki.

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi. Tulifuata kanuni niliyoitunga mwenyewe nikiwa Katibu: bango la kampeni halitoki ila kwa shughuli ya umoja. Likafunguliwa kutoka garini, likakunjwa, likarudishwa kabatini, ndipo tukaondoka. Fundi amekagua maji, mfuniko wa rejeta, mipira, feni. Akaliendesha mpaka juu kilimani na kurudi. Mshale haukutikisika.

— Dada, gari zima hili. Labda wanaochemka ni nyinyi.

Jumatano, 5 Machi

Kamati imeketi saa mbili nzima kuijadili injini. Mwenyekiti anashikilia ni themostati, kile kidude kinachoyafungulia maji njia. Nikasimama, nikauliza tangu lini joto la injini likaamuliwa kwa wingi wa mikono. Kura zikapigwa: saba kwa nne. Nimeshindwa kihalali. Themostati mpya imefungwa jioni.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio la mwisho, gari likiwa limevikwa kila kitu cha kesho: spika juu, bango mbele. Kilomita kumi na moja. Limechemsha.

Mwenyekiti akasema tupande basi. Basi la kwanza hufika kule saa tano.

Filimbi alikuwa ameinama mbele ya gari, mkono kifuani. Nikamuuliza kama dawa yake anayo.

— Ninayo. Nalihurumia gari tu. Wewe ungehemaje, umefungwa shuka puani?

Nikalitazama bango. Mita mbili za turubai, kutoka taa hadi taa, juu ya matundu yote yanayoipelekea rejeta upepo. AFYA YETU HAIFUNGWI MILANGO. Maneno yangu. Na mahali pale nilipapigania mimi kamatini, dakika arobaini, ili lisomeke kutoka mbali. Fundi hakuliona hata siku moja — kanuni yangu ililificha kabatini kila tulipokwenda kwake!

Fundo la kwanza nililifungua kwa meno. Tukaisubiri injini ipoe, tukaongeza maji, tukaondoka. Kilomita ishirini, mlima mkali wa kwanza, mshale katikati, tuli. Filimbi akapiga honi mpaka mbuzi wa watu wakatawanyika.

— Kwa hiyo, Katibu, mkabaji ni wewe? Mwenyekiti huyo.

— Ni mimi. Iingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Nilitarajia aibu. Badala yake nilitamani kuimba.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwenye kiti cha mbele, nje ya lango la makao makuu. Tulifika saa tatu na dakika ishirini. Mlima wote, na mshale haukuvuka nusu. Bango lililala juu ya paa, chini ya spika. Karani amepokea sahihi, akagonga muhuri, akaziingiza ndani mbele ya macho yetu.

Sasa ni saa sita. Milango imefungwa. Mlinzi anasema ajenda yetu ilitengewa dakika kumi; wamebishana saa mbili, na wameomba mapumziko. Filimbi amefungua boneti kukagua maji, ingawa hakuna aliyemwambia. Anapiga mluzi.

Basi, makomredi: Baraza linarejea saa nane kamili. Saa nane kasorobo, wote hapa langoni. Bango tutalishika kwa mikono.