Magunia ya Chumvi na Sketi ya Dama

Jumatatu, jioni. Mariakani leo ni joto na vumbi la malori. Nimekaa nje ya kibanda changu cha pancha, mgongo unauma, lakini moyo wangu umetulia kuliko jana.

Tumerudi kutoka kambini. Siku tatu ufukweni, kule mbele ya Mambrui, mahema mawili, watu sita: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na Dama, binti wa dada yangu mkubwa Kadzo wa Junju.

Wacha nianze na ya kujisifu, kwa sababu ni ya kweli. Pwani hii hakuna anayenishinda kupanga vitu vya safari. Shule niliishia darasa la sita, lakini mzigo haupangwi kwa kalamu. Nilipokuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni, nilipanga magunia yakanyooka mpaka mjusi alijaribu kupanda akakosa pa kushika, akaanguka. Waliomwona wako hai, waulizwe.

Basi safari hii nikawaambia watu wangu kwamba mabegi hayana kazi kambini. Begi ukilivuruga mara moja kutafuta chupi, limevurugika mpaka mwisho wa safari. Nikamwomba rafiki yangu wa zamani wa Gongoni magunia matupu ya chumvi, akaniletea sita. Kila mtu gunia lake, kila gunia kitambaa cha rangi yake shingoni. Ya kuvaa mwanzo juu, ya mwisho chini kabisa. Nguo chafu hazirudi humo, zina ndoo yake. Viatu havivuki mkeka wa mlangoni. Na magunia yenyewe hayakai chini, maana chini kuna mchanga, siafu na kaa. Nilifunga kamba kati ya miti miwili ya mivinje chini ya turubai, nikayatundika kama mikungu ya ndizi.

Mambo yalikwenda. Jirani zetu wa pale kambini, familia ya kutoka Nairobi, walishinda Jumamosi nzima wakitafuta soksi moja ya mtoto. Wangu, hata mdogo wa miaka mitano, aliitoa kaptula yake guniani mwenyewe. Yule baba akaja kuipiga picha kamba yangu. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nimesomea nje, sikumwambia nje ya wapi.

Sasa ya kuungama.

Mke wangu aliniambia nyumbani, Baba Riziki, yafue magunia kwanza. Nikamjibu kuwa nimeyakung'uta, inatosha, na hiyo chumvi iliyobaki itafukuza wadudu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Alinitazama, akaenda kuendelea na vyombo vyake.

Chumvi huvuta maji hewani. Mtu yeyote wa Gongoni anajua. Mimi mwenyewe nimewafokea vibarua wenzangu wangapi wafunike ghala mawingu yakija? Ufukweni hewa yenyewe ni maji matupu. Na mimi nikaziweka nguo za jamaa yangu ndani ya chumvi, nikazitundika kwenye hewa hiyo usiku na mchana.

Ijumaa na Jumamosi hakuna aliyegundua. Watoto walikuwa wamelowa tangu asubuhi, wangejuaje?

Lakini Dama alikuwa na nguo za kazi chini kabisa ya gunia lake. Blauzi nyeupe, sketi nyeusi. Amemaliza chuo, amekaa nyumbani miaka miwili akipeleka barua za kuomba kazi kila mahali, na leo Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza katika hospitali moja Malindi, kitengo cha mafaili. Ndiyo sababu tulikwenda naye, atokee kambini moja kwa moja. Kadzo hakutaka. Alisema mtoto aende kazini akitoka nyumbani, si kwenye hema. Nikamwambia mbele ya mumewe, niachie mimi, ataingia kazini amenyooka kuliko bosi wake.

Jana baada ya chakula cha mchana Dama akashusha gunia lake. Blauzi ilikuwa imelowa. Sketi ilikuwa nzito kama kitambaa cha kupigia deki, na kila palipokunjwa pana mstari mweupe, mistari kama ramani ya barabara. Alisimama ameishika mbele yake. Hakulia. Afadhali angelia.

Nami, bila hata kufikiri, nikasema ni umande. Umande wa upande huu ni mbaya sana, nikasema, niliwahi kuona umande uliozamisha kuku.

Dama akapitisha kidole kwenye ule mstari, akakiweka ulimini.

"Mjomba," akasema polepole, "umande una chumvi?"

Nimezua hadithi nyingi maishani. Jana niliiacha ile ya umande hapo hapo.

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia mke wangu alinionya nikajifanya najua. Mwenyewe alikuwa pale anasikia, na wallahi alikwenda tu kuniletea beseni. Namshukuru mpaka leo.

Maji baridi, yasiyo ya chumvi, tuliyokuwa nayo yalikuwa mitungi miwili ya kunywa. Niliimimina yote kwenye beseni. Mke wangu alitaka kupokea kazi, nikakataa. Nilifua blauzi, kisha sketi, mimi mwenyewe, mwanamume wa miaka hamsini, nimechuchumaa mchangani, na yule baba wa Nairobi anatazama. Nikaisuuza, nikaonja maji. Yana chumvi. Nikaisuuza tena, nikaonja. Mara ya nne ndiyo yakawa maji. Watoto walikunywa madafu mpaka jioni, na sikusikia malalamiko.

Jua la saa tisa lilinihurumia, likazikausha zote mbili. Kisha nikabisha hodi kwenye nyumba iliyo nyuma ya kambi, nikamwomba mama mmoja pasi ya makaa. Akaniuliza nguo ya nani. Nikasema ya mfanyakazi wa hospitali. Dama alikuwa nyuma yangu, na hapo nikamsikia akicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Leo asubuhi nilimfikisha getini. Blauzi nyeupe, sketi nyeusi, hakuna mstari hata mmoja, nilimzunguka mara mbili kukagua mpaka askari akaniuliza kama nina shida. Dama akaniambia kwaheri mjomba, akaingia. Nilisubiri kwenye gari tulilosafiria mpaka saa nne, isije ikawa amerudishwa. Hakurudi. Amenitumia ujumbe mchana kwamba wamempa meza.

Kwa hiyo kamba ni nzuri, rangi ni nzuri, kutundika ni kuzuri, na safari ijayo nitafanya hivyo hivyo. Kilichokosea ni gunia. La, nimesema vibaya. Gunia halina kosa.

Saa kumi Kadzo alipiga simu. Nilikuwa nimeshaamua kutoficha kitu. Nikamweleza yote: onyo la mke wangu, chumvi, mistari, uongo wa umande, maji ya kunywa, kufua mpaka mara nne. Dada yangu alicheka mpaka akakohoa.

"We Ngala, ufue sketi wewe?" akasema. "Uongo wako siku hizi hata hauna nguvu."

Akakata simu akiwa bado anacheka. Mara ya kwanza namwambia kitu kisicho na chumvi ya kuongeza, na hakuamini hata neno moja.

Ningeweza kuliacha hapo. Mtoto ameingia kazini, mama yake amefurahi, nani ameumia?

Lakini Jumamosi nitakwenda Junju. Kadzo ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shamba, na uso wangu anausoma kuliko gazeti. Nitamwambia tena akiwa ananitazama. Hapo ataamini, na hapo ndipo kicheko kitakapokwisha. Nitakaa hapo hapo mpaka amalize kusema.