Bukari mbele ya bronzi

Likasi, siku ya tatu

Yaya Ilunga, jambo kwako na kwa bote ba ku nyumba kule Kakanda.

Masini mupya ya fraize, ya kuchonga chuma, hapa ku atelie haina hata manivele ya kuzungusha. Unaandika njia yote ya kisu kwa ordinatere, ile kompyuta yake, masini inafwata. Bronzi ilikuwa paka kipande moja tu, ya gurudumu ya ile pompe yenu ya maji yenye kufa. Chefu akasema tujaribu kwanza kwa sabuni, bronzi isiharibike. Sabuni ikakosekana mu maduka yote ya Kikula, minye nikaleta bukari ya jana, ugali ya kulala, nguvu sawa tofali.

Kisu kikakata muzuri, kisha kikavuka katikati na kupasua yote! Nilisahau kuandika kiinuke mbele ya kuvuka. Mukono wenye weye ulifundisha unainua kisu bila kuambiwa, masini, hapana.

Bakacheka sana. Nikaongeza mustari moja ku ordinatere: kiinuke. Leo bronzi imetoka, inang'aa sawa sahani ya ndoa. Chefu akauliza nani alinifundisha kazi. Nikataja jina yako mbele ya bote.

Mama asijue mambo ya bukari. Na pompe ikianza kuzunguka, weka mukono juu yake: ni minye nakusalimia.

Mudogo yako, Kazadi