Bastola Mbili na Nyoka Ambaye Hakuwepo

Kwa Bi Lavinia wa ukurasa wa ushauri,

Naomba msaada wako, na naomba unifikie kabla ya Jumatatu ya tarehe 28 Julai, kwa sababu siku hiyo mimi nalazwa hospitali huko Billings kubadilishiwa goti, na mke wangu Twyla ataanza kwenda malishoni peke yake kuangalia ng'ombe wetu, wiki sita mfululizo, akiwa na bastola kiunoni ambayo mpaka leo hatujakubaliana ni ipi. Mimi ni mtu wa kuandika mambo. Nina daftari la kila mwaka tangu nilipomaliza sekondari, kwa hiyo tarehe nitakazokupa ni za kweli.

Bastola yetu ya zamani ilitumbukia mtoni mwezi Mei nikivuka na farasi, na mto ukiwa umejaa maji ya theluji hakuna wa kuifuata. Nilikaa nayo miaka thelathini. Huku kwetu mtu haendi malishoni bila bastola, kuna nyoka, kuna dubu, na kuna siku ng'ombe anavunjika mguu mahali ambapo daktari wa mifugo hafiki. Basi nikaanza kutafuta nyingine, na zikabaki mbili. Ya kwanza ni ya jirani yetu Clete, mzee wa miaka themanini na moja anayeuza ng'ombe wake wote na kuhamia kwa binti yake mjini. Imetengenezwa mwaka 1962, ilikuwa ya marehemu mkewe, Norma, chuma chake kimepauka pale penye mkono tu, na ukivuta nyundo nyuma inalia mara nne, taratibu, kama saa ya ukutani. Ya pili ni mpya, iko kwenye kabati la kioo dukani kwa Wanda. Ukizitazama kwa mbali utasema ni mapacha, lakini mpya ina kipande cha chuma ndani kinachozuia nyundo isiifikie pini inayopiga risasi mpaka kidole kivute kifyatulio. Ya Norma haina, ingawa ile yangu iliyozama ilikuwa nacho. Nyundo yake ikilala, inalala juu ya pini, na pini inalala juu ya kitako cha risasi. Kwa sababu hiyo, waliozizoea za namna hiyo hujaza risasi tano, na tundu moja wanaliacha tupu chini ya nyundo.

Clete aliniambia hayo. Tarehe 3 Julai, tukiwa uani kwake, alinipa niijaribu wiki mbili, akanishika mkono nilipokuwa nageuka kuondoka.

"Tano, Orval. Hii siyo kama ile yako."

"Najua, mzee."

"Najua kwamba unajua. Nasema tu. Tano."

"Unamfundisha mwalimu?"

"Mwalimu ndiye wa kufundishwa zaidi, maana yeye haulizi."

Tukacheka. Twyla wakati huo alikuwa ndani akimsaidia binti ya Clete kufunga vyombo, hakusikia. Jioni hiyo niliandika kwenye daftari: "Bastola ya Norma. Tano, si sita."

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Tarehe 11 Julai asubuhi, wakati tunatandika farasi, nilijaza bastola ile huku tukibishana na Twyla kuhusu chumvi ya ng'ombe, kama magunia mawili yatatosha, na mikono yangu ikafanya ilichofanya kwa miaka thelathini, ikajaza sita. Sikuhesabu. Nikaichomeka kiunoni, nikainua kikuku cha tandiko nikakitundika juu ya pembe ya tandiko ili nikaze mkanda wa tumbo, kama tunavyofanya sote, na farasi akajitikisa kwa ajili ya nzi, kikuku kikachomoka na kuangukia nyundo. Bastola ikalia. Risasi ilitokea chini ya ala, ikapita kando ya goti langu bovu, ikazama ardhini karibu na Twyla, ambaye alikuwa ameinama ameshika kwato ya nyuma ya farasi wake, na yule farasi akamtupa chini na kukimbia.

Bi Lavinia, mdomo wangu ulisema "Nyoka!" kabla sijaamua kusema lolote.

Twyla akainuka, kofia iko kichwani upande, akajipangusa vumbi.

"Umempata?"

"Nimemkosa."

"Hatua tatu, mwanaume mzima, umemkosa?"

"Amekimbilia kwenye mawe."

"Ningekuwa mimi huyo nyoka hata nisingekimbia. Anayenilenga angekuwa mwingine ningeogopa, lakini wewe!" Akacheka mpaka akashika mbavu, akaenda kumfuata farasi wake. Alipokuwa mbali nilichukua kamba ya kupimia nikapima kutoka tundu la risasi mpaka alama ya buti lake. Inchi kumi na nne. Nikafukia lile tundu kwa mguu. Jioni nikaandika kwenye daftari: "Nyoka karibu na zizi. Nimemkosa." Ni mara ya kwanza nimeandika uongo mle ndani.

Tangu siku hiyo hadithi ya nyoka imezunguka wilaya nzima, maana Twyla anajua kusimulia. Nikiingia mkahawani wananiuliza kama nimeleta miwani. Nilipokwenda dukani kuitazama ile mpya, Wanda aliniambia, "Bwana Nyoka, hii haisaidii kulenga, nikuuzie jembe?" Mimi ninacheka nao. Na mimi, Bi Lavinia, ndiye mwalimu wa darasa la usalama wa silaha kila Aprili kwenye ukumbi wa zimamoto, mwaka huu ni wa ishirini na mbili, na nusu ya hao wanaonicheka nimewafundisha mimi kwamba bunduki haijifyatui yenyewe, kuna mtu aliyekosea.

Tatizo lenyewe ni kwamba Twyla ameipenda bastola ya Norma. Norma alikuwa rafiki yake wa miaka arobaini, na alifariki Februari. Anaitoa kwenye ala, anavuta nyundo, anasikiliza ile milio minne, anasema, "Sikia, huyo ni Norma anafungua geti." Nikimwambia tuchukue mpya anauliza kwa nini. Nilisema ni nyepesi, akazipima zote mbili kwenye mizani ya jikoni, mpya ikazidi. Nilisema ina dhamana ya kiwanda, akasema kiwanda hakimjui Norma. Na habari ya risasi tano sijamwambia, kwa sababu nikisema tano ataniuliza siku ya nyoka niliweka ngapi, na Twyla si mtu wa kudanganywa mara mbili kwa jambo moja. Amenitazama nikijaza sita tangu tuoane. Jumatatu atajaza sita.

Kwa hiyo naomba unisaidie hivi. Andika kwenye ukurasa wako kwamba kwa matumizi ya malishoni bastola mpya ni bora kuliko ya zamani, utoe sababu za kitaalamu. Twyla anakusoma kila Jumatano akinywa kahawa, na neno lako huwa analishika. Akisoma kwako ataikubali mpya, Clete tutamrudishia yake kwa shukrani, na hakuna atakayeumia. Kama gazeti haliwahi, nitumie kwa posta, nitasema nimelikata mahali.

Ni mimi,
Orval, wa kaskazini ya Big Timber

*

Orval,

Gazeti la wiki hii lilikuwa limeshafungwa barua yako ilipofika, kwa hiyo jibu hili nimelituma kwa posta siku ileile, Jumatatu tarehe 21, na kwenye ukurasa litatoka baadaye, majina yakiwa yamebadilishwa. Bahasha nimeiandika kwa jina lako na la Twyla, yote mawili. Kama umeiokota wewe kwanza kwenye sanduku la barua kando ya barabara, una muda wa kutembea kutoka hapo mpaka mlangoni kupanga utakavyosema.

Nakuonea huruma, nianze na hilo. Kikuku kuangukia nyundo ni ajali ya watu wetu, imewavunja miguu wanaume waliopanda farasi kabla wewe na mimi hatujazaliwa, na ndiyo sababu watu walianza kuacha tundu moja tupu. Shemeji yangu alichechemea mpaka anazikwa kwa jambo hilohilo, na alikuwa mwangalifu kuliko wewe. Mikono ina kumbukumbu zake, haingoji kuulizwa. Hapo sikulaumu hata kidogo.

Nakulaumu kuanzia kwenye kamba ya kupimia. Ulikuwa na akili timamu ya kupima inchi kumi na nne, ukawa na akili ya kufukia tundu, na siku kumi zimepita mke wako anaichezea bastola ile jikoni kwako, anavuta nyundo, anamsikiliza rafiki yake marehemu, na wewe umekaa kimya kulinda jina lako mkahawani. Unasema hakuna atakayeumia. Orval, barua nzima umeandika kuhusu mtu atakayeumia, na umetaja mpaka siku.

Sasa ulichoniomba. Sitaandika. Sababu za kitaalamu unazo wewe, umezieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi, na mtu anayestahili kuzisikia analala ubavu wako wa kulia au wa kushoto, sijui. Ukimfunga mdomo kwa ukurasa wangu atakwenda malishoni na bastola mpya bila kujua kwa nini, na kiangazi kijacho binti wa Clete atamletea ile ya Norma kama kumbukumbu, kwa upendo kabisa, naye ataijaza sita. Uongo wako utakuwa umeahirisha tu.

Swali la bastola ni jepesi kuliko ulivyolifanya. Ile ya mwaka 1962 haina kosa. Imefanya kazi miaka sitini mikononi mwa watu waliojua kuhesabu mpaka tano. Kosa ni kuiweka kwenye nyumba yenye mikono iliyozoea sita. Yako imeizoea, na macho ya Twyla pia, maana alichojifunza amejifunza kwa kukutazama. Kwa hiyo kwa kazi, na hasa kwa mtu atakayekuwa peke yake wiki sita mbali na simu, nunueni mpya kwa Wanda. Huo ndio ushauri wangu na siuzungushi. Ya Norma, kama Clete ataiachia, inunueni pia, au mwombeni. Iwe ya nyumbani, tupu, Twyla aisikilize atakavyo. Yuko fundi anayeweza kuitia kile kipande cha chuma, lakini atakapoitia haitalia tena vilevile, na hilo aamue Twyla, si wewe.

Lakini kabla ya duka, kabla ya fundi, mwambie. Usimwambie kitandani na usimwambie ukiendesha gari, mahali ambapo hawezi kuondoka. Toa risasi zote, weka bastola mezani ikiwa wazi, mwite. Anza na neno lenyewe: hapakuwa na nyoka. Mwambie sita, mwambie kikuku, mwambie inchi kumi na nne, na umwambie kwamba ulifukia lile tundu. Usiruke hilo la kufukia, maana ndilo litakalomuuma kuliko risasi. Kisha muoneshe kwa vidole vyake mwenyewe jinsi ya kujaza moja, kuruka moja, kujaza nne, kisha kuvuta nyundo mpaka mwisho na kuilaza juu ya lile tundu tupu, mpaka aweze bila kutazama, hata kama ameshachagua mpya. Bastola za namna ile ziko kwenye kila nyumba ya bonde lenu.

Baada ya hapo, Clete. Alikushika mkono akakwambia tano, anastahili kujua kwamba hukumsikia. Na Aprili ijayo utasimama mbele ya darasa lako uwaeleze asubuhi ya tarehe 11 Julai, bila nyoka. Watakucheka. Lakini yupo mmoja kati yao atakayehesabu risasi zake asubuhi fulani kwa sababu yako, na wewe hutamjua.

Twyla atakasirika. Huenda asikusindikize Billings, huenda akakusindikiza bila kusema neno kwa maili themanini, na yote mawili ni haki yake. Usijitetee. Usiseme goti, usiseme nzi, usiseme chumvi. Ukishamaliza kueleza funga mdomo, kaa hapohapo mezani mbele yake, na usinyanyuke mpaka yeye awe amemaliza.

Lavinia