Mwili Ulisimama Wenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Zamu ya asubuhi langoni, duka kubwa la Nakawa. Mikoba, mabegi, kikapu chenye kuku hai ambacho tulikikataa. Nikishika tu mkoba wa mtu, uso wake unabadilika. Hata mtawa. Hana kosa lolote, lakini macho yanakimbia. Miaka yote hii nimekagua watu na bado nashangaa. Kuna nini ndani ya kichwa kinachoogopa bila kosa?

Chuo kikuu wamepiga simu. Nimefaulu mtihani wa maandishi wa watu wazima, ule wa sisi tulioachwa na shule njiani. Yamebaki mahojiano, Jumatano ya wiki ijayo. Kozi: saikolojia. Nimeliandika neno hilo nione linavyokaa. Linatisha. Linapendeza.

Baba bado sijamwambia.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwambia. Bora ningenyamaza.

Alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. "Weye nataka soma wazimu? Hapa nyumba yangu nani iko wazimu?" Kiswahili chake cha jeshini, kikiingiwa na hasira kinazidi kuwa kifupi. Akatoka, akaenda kukaa kando ya reli. Mama akasema tu, "Mwache mzee, Lamunu." Mama ni Mnubi, Baba ni Mwacholi. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, kwa hiyo hata ugomvi wa nyumba hii ni wa Kiswahili.

Najua anachofikiri. Anafikiri nataka kumsoma yeye. Alitoka jeshini, nasi tukatoka kambini, mimi nikiwa mtoto, lakini mpaka leo sufuria ikianguka, Baba yuko chini ya meza kabla haijamaliza kulia. Hatulisemi jambo hilo. Tunaokota sufuria.

Na kusema kweli, nataka. Si yeye tu. Lakini yeye pia.

Jumamosi, 9 Machi

Baba hasemi nami. Anamwambia Mama, Mama ananiambia mimi, nami nimekaa palepale. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo umekuja leo: rafiki yake wa zamani, afande fulani, ameniwekea nafasi ya mafunzo ya polisi. Nijibu kabla ya mahojiano. Nakato, mwenzangu wa langoni, anaona sina akili. "Banange! Unaacha kazi ya serikali, unaenda kusoma kichwa ya watu?"

Nimewakasirikia wote. Zaidi nimejikasirikia mwenyewe, maana nilikuwa karibu kukubali.

Kisha nikamkumbuka yule mama mshauri aliyeletwa kuzungumza na sisi walinzi mwaka jana, baada ya majambazi kuvamia duka. Siku ya majambazi nilijikojolea. Nakato peke yake ndiye anayejua. Yule mama akasema woga si aibu, ni mwili unafanya kazi yake. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi. Kumbe kuna watu wanaojua mambo haya! Kumbe kuna mahali yanafundishwa! Sijapata kusikia jambo kubwa kama lile, hata kanisani.

Jumanne, 12 Machi

Nimempigia afande. Nimekataa polisi.

Kesho ikienda vibaya, chuo sina, polisi sina, Baba sina.

Jumatano, 13 Machi

Nimeharibu.

Sketi ya Nakato, viatu vya Mama. Chumba cha baridi, feni, meza ndefu, walimu wamejipanga. Profesa, mama mwenye mvi, akaita jina langu. Nikaruka, nikasimama wima, visigino vikagongana, mikono ubavuni, nikapaza sauti: "Afande!"

Mwalimu mmoja akacheka mpaka akajifuta macho. Mtoto wa kambini, mlinzi wa lango, ningefanya nini kingine? Nilitaka ardhi inimeze.

Profesa hakucheka. Akauliza kwa nini nimesimama. Nikasema ukweli: sikusimama mimi, mwili ulisimama wenyewe. Akauliza nani aliufundisha. Nikaeleza gwaride la asubuhi kambini, sisi watoto nyuma ya mstari tukiwaiga baba zetu. Kabla sijajizuia nikaeleza na habari ya sufuria. Nikasema mimi nilifundishwa kwa mchezo na bado siwezi kuacha, sembuse Baba aliyefundishwa kwa risasi. Nikasema nataka kujua mwili unayaweka wapi mambo hayo yote.

Akavua miwani. Akasema asante, unaweza kwenda. Basi.

Nimemtaja Baba mbele ya wageni. Hilo hasa ndilo alilokuwa analiogopa.

Jumapili, 17 Machi

Sikuweza kukaa nalo. Nimemwambia Baba wakati wa chakula cha mchana. Nikaanza na "Afande!" na visigino. Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Nikafika kwenye sufuria. Mama akaacha kucheka.

Baba aliutazama mkono wake juu ya meza. Nilingoja anifukuze. Akasema, akiniambia mimi, si Mama: "Mwili inasimama yenyewe. Ndiyo. Mi nafikiri iko mi peke yangu tu."

Halafu akaomba chumvi.

Nimeshindwa kufanya lolote tangu hapo. Mtu amebeba kitu maisha yangu yote akidhani ni chake peke yake duniani. Na kambi nzima ilijaa wanaume kama yeye, kila nyumba na sufuria zake, kila mtu akidhani hivyohivyo! Ninaogopa ukubwa wa jambo hili. Kama hawatanichukua chuoni nitaumia vibaya, sasa kuliko mwanzo.

Ijumaa, 12 Aprili

Wamenichukua!

Simu iliita mkono wangu ukiwa ndani ya mkoba wa mteja. Nikapiga kelele, mteja naye akapiga kelele. Nakato akapiga vigelegele, na foleni nzima ikamfuata bila kujua kuna nini. Watu ni ajabu. Hata hilo nitalisoma.

Mungu si Athumani. Masomo yanaanza Agosti.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Mama amekwenda Bombo kwa dada yake. Mimi na Baba tumekaa mlangoni tukichambua maharage. Habari ya chuo anayo, Mama alimpa juzi. Hakuigusa, nami sikuigusa.

Akataja jina. Okeny. Simjui. Halijapata kutajwa katika nyumba hii. Akasema, "Huyo askari mwenzangu, alikuwa naimba vizuri. Vizuri sana." Akalirudia jina, polepole, kama mtu anayeonja chakula kilicholala.

Nikaacha maharage. Mvua ikaendelea kunyesha, na Baba akaendelea kusema.