Alama Kumi za Baba

Duka la Spea,
Ubavuni mwa Karakana ya Baba,
Jumatano, 11 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, maana tumelelewa. Natumaini wewe, wifi yangu na wanangu hamjambo, na kwamba kile kikohozi cha mtoto mdogo kimekwisha. Hapa hakuna aliyelazwa. Goti linamsumbua Mama Mdogo akipanda ngazi, lakini mdomo wake ni mzima na anakusalimu. Mimi pia ni mzima wa mwili. Ila hasira zimenifika kooni, ndiyo maana sikukupigia simu. Ningefoka, nawe ungesingizia mtandao.

Jumapili Mama Mdogo alinionyesha ujumbe uliomtumia. Wewe na tai yako mbele ya wakubwa wako, na ukutani picha ya kifaa chenu cha masikio, kubwa kama mlango. Umeandika kwamba umesifiwa kazini kwa kubuni kifaa na huduma vikawa kitu kimoja, na kwamba mteja aliyeridhika kuliko wote ni baba yako mzazi. Alama kumi kwa kumi, kila wiki, hajawahi kushuka. Mama Mdogo alipiga vigelegele. Mimi nilimrudishia simu yake nikaenda kufua, maana ningebaki pale ningesema.

Sasa nasema.

Ulipotuma lile boksi ulitupa somo zima, na kwa mbwembwe. Ukaniambia, “Dada, sisi hatuuzi kifaa, tunauza kusikia.” Kifaa peke yake ni plastiki, ukasema, thamani yake iko kwenye huduma inayofuatana nacho. Vile vitu viwili vinakaa masikioni mwa Baba, vinawasiliana na simu yake, simu inawasiliana na ofisi yenu, na kila wiki mhudumu anapiga kuuliza kama kuna linalomkera, ili mrekebishe mkiwa huko huko bila mtu kupanda basi. Nilikuelewa. Nilikusifu hata mbele ya majirani, na sifa zile naomba unirudishie.

Sitakunyima haki yako. Baba anasikia watu siku hizi. Vile vifaa anaviita wapangaji, na asubuhi akishavivaa anatutangazia kwamba wapangaji wameamka. Mama Mdogo hawezi tena kumsengenya wakiwa wamekaa meza moja, na jambo hilo limemharibia uzee.

Lakini Baba si mtu wa ofisini. Baba ni fundi wa injini, na wewe umekulia kwenye oili yake. Unajua anavyofanya kazi. Anaegemeza bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, na kabla hujamaliza chai yako anakwambia kama ni beringi au ni valvu. Masikio yalipoanza kuchoka, ile bisibisi ilikuwa bado inamletea habari. Kitu pekee alichokuomba ni kukisikia kidogo zaidi kile alichokuwa anakisikia.

Kifaa chako kinaona mngurumo wa injini ni kelele. Kinaufuta. Nimekisoma kile kijitabu mwanzo mpaka mwisho, na mmejisifu humo kwamba mteja wenu ataketi kando ya barabara asikie maongezi tu. Hongera. Baba sasa anainama juu ya injini akiwa na maongezi tu.

Nilimwambia avitoe akiwa kazini. Hataki. Simu inahesabu muda anaovivaa, na siku alipoviacha kwenye kopo lake la misumari, mhudumu wenu alimpigia kwa upole kumwuliza kulikoni. Upole huo ndio uliommaliza. Aliona aibu, mtu mzima yule, na tangu hapo anavivaa mpaka usingizi umkute.

Mwezi uliopita Honi alileta lori lake. Unamkumbuka Honi, yule dereva wa mchanga aliyekuwa akitushtua tukitoka shule. Baba aliegemeza bisibisi, akafumba macho, akasema injini imetulia. Mimi muuza boliti nilikuwa upande wa pili wa ukuta na nilisikia inagonga. Nikatoka nikamwambia. Akanijibu nikauze boliti.

Lori lilifia mlimani likiwa na mzigo. Beringi zilikwisha, injini ikajifunga. Hakuna aliyeumia, tushukuru. Honi alirudi kwa miguu, nami nilidhani atatukana, nikajiandaa. Hakutukana. Alimpa Baba mkono akasema, “Pole na uzee, fundi.” Halafu akaenda zake, na wenzake wote wamemfuata. Wanapita hapa mbele wakipunga mikono kama watu wanaopita msibani.

Nikaipigia ile namba iliyo kwenye boksi. Nikampata binti wa sauti laini, nikamweleza kila kitu mpaka mate yakanikauka. Akaniambia kwamba kuna mpangilio mwingine, unaoacha sauti za mashine zipite, na wanaweza kuuweka wakati huo huo. Nusura nilie. Kumbe alikuwa hajamaliza. Mabadiliko yanataka ombi la mtumiaji mwenyewe au idhini ya mteja aliyejisajili, na mtumiaji, kwa taarifa walizo nazo, ameridhika kabisa. Mtumiaji ni Baba. Mteja aliyejisajili ni wewe. Mimi si kitu, akanitakia siku njema.

Basi nilimwendea Baba, nikamwomba aseme neno moja tu yule binti akipiga. Aseme injini hazisikiki. Alinitazama kama niliyemwambia akaibe. “Nikalalamike kwa mabosi wake? Wamwone hajui kazi?”

Hapo ndipo damu iliponichemka, na haikunichemka kwa ajili yake. Ulikaa na watu waliosoma, mkachora mishale na visanduku, mkabuni huduma nzima inayosubiri mtu alalamike, halafu ukamwekea Baba. Baba huyu huyu aliyevaa viatu vinavyombana harusi nzima, akacheza navyo na muziki, kwa sababu vilitoka kwako. Wenzako hawamjui, siwalaumu. Wewe ulikuwepo harusini. Ilikuwa harusi yako.

Na usiniambie kwamba takwimu zilionyesha hivi na vile. Zile kumi zake si za kifaa. Anakupa wewe, na angekupa hata ungemtumia vizibo vya chupa.

Jambo jingine. Kabla ya wapangaji ulikuwa unampigia kila Jumapili baada ya chakula. Mlikuwa mkipigiana makelele, “Nini?” na “Nimesema nini?”, jirani anafunga dirisha, lakini mlikuwa mkiongea. Huduma ilipoanza uliniambia sasa taarifa zake unazipata kila wiki kazini, kwa hiyo una amani. Nikadhani unatania. Tangu siku ile hujampigia. Umempa masikio mapya, halafu sauti yako ukaiweka mfukoni, na kazi ya kuwa mtoto wake umemwachia binti wa watu anayesoma maswali kwenye skrini.

Sikuwa nimewahi kuwepo binti huyo anapopiga, maana saa hizo huwa niko dukani. Jana mvua iliingia dukani, nikafunga mapema, nikamkuta Baba sebuleni. Amenyoa ndevu. Amevaa shati lake la kola. Nikamwuliza anakwenda wapi, akasema haendi popote, anasubiri simu.

Simu ikaita. Mnaanza kwa kumwambia mtu kwamba mazungumzo yanarekodiwa ili kuboresha huduma. Baba alikaa vizuri kitini aliposikia hivyo, akakohoa kusafisha koo. Sauti za watu? Safi. Anavaa kila siku? Kila siku, binti yangu. Kwa kipimo cha moja hadi kumi? “Kumi. Niandikie kumi.” Yule binti akamshukuru, akaaga, na mimi niliona kioo cha simu kikizimika.

Baba hakuiweka chini. Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mgeni nafasi ya kutoka, kisha akaanza kuongea na wewe.

Yeye anajua kwamba wewe ndiye mwenye kazi hiyo na kwamba maneno yanarekodiwa. Basi akaona ni wazi kwamba rekodi inakufikia. Nimemsikia akikuuliza kama mtoto amepona kikohozi. Amekwambia goti la Mama Mdogo halina neno, usiwe na wasiwasi. Halafu akasema hivi, nakuandikia yote: “Karakana naifunga mwisho wa mwezi, mwanangu. Nimeona nikwambie mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Usidhani ni vifaa vyako, vifaa viko sawa kabisa, mimi tu ndiye nimechoka. Najua uko kazini, sikucheleweshi. Ukipata nafasi, nijibu.”

Sikumwambia kwamba simu imekatika. Wewe ndiye uliyetengeneza, wewe ndiye utakayemwambia.

Ninachotaka kwako ni kidogo na nakitaka wiki hii. Toa idhini waufungue ule mpangilio wa mashine. Honi nitamwendea mwenyewe, nitamrudisha hapa nikimvuta kwa sikio, Baba amsikilizie injini upya kabla ya mwisho wa mwezi. Karakana ikifungwa kwa uzee wake, nitanyamaza. Ikifungwa kwa ajili ya adabu yake kwako, usije kutafuta chumba katika nyumba hii.

Mama Mdogo anasema nisikuandikie vibaya na anakuombea. Nami nakuombea, hata leo. Mungu akulinde wewe na wako, akupe afya, akupe na wakubwa wasiokusifu ovyo. Wifi yangu umsalimie sana, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Baba hajakutumia salamu kupitia kwangu. Nilimwuliza leo asubuhi kama ana neno lolote la kukuandikia. Akasema hana, yote alishakwambia jana, anasubiri tu jibu lako.

Ni mimi, ninayekupenda na kukukasirikia kwa kiasi kile kile,

Dada yako